Namna ya kumtoa jirani nyumbani akapige kura, na asirudi kulala miaka mitano

Sisi watu wa Mombasa hatuna shida ya kuitana. Mtu akifiwa saa kumi alfajiri, ikifika saa mbili turubai lishasimama, viti vishakuja, kina mama wako uani wanamenya vitunguu, na hakuna aliyebandika bango wala kupitisha gari la matangazo. Harusi ni vivyo hivyo. Shughuli ni watu, na kila mtu ajua asipoonekana ataulizwa. Sasa angalia 9 Agosti 2022. Kaunti yetu ilikuwa na wapigakura 641,913 kwenye daftari na waliotoka hawakufika hata nusu, kama asilimia 44 hivi, na nchi nzima ilikuwa kama 65. Waliobaki nyumbani ni watu walewale wa kwenye turubai, hawakushuka kutoka mbinguni.

Mimi tangu 2017 nazunguka mitaa ya kwetu Kisauni kuwahimiza watu wajiandikishe, wapige kura na wahudhurie mikutano ya kaunti. Sina chama, silipwi, na mengi niliyofanya mwanzo hayakufaa kitu. Naandika yale yaliyofaa ili wewe unaetaka kuifanya kazi hii mtaani kwenu kabla ya 10 Agosti 2027 usipoteze miaka kama nlivyopoteza mie.

Uchaguzi wangu wa kwanza nilifungua grupu la WhatsApp nikatia watu zaidi ya mia mbili, kila siku natuma mabango, "kura yako sauti yako", "usipopiga kura usilalamike", mpaka watu wakaanza kutoka mmoja mmoja. Hilo la usilalamike ndo baya kabisa. Mtu mfereji wampasukia mlangoni, maji ya bomba hajayaona wiki ya pili, halafu wewe wamwambia hana haki ya kulalamika. Anafunga simu na mlango pia anaufunga. Tena si kweli, Katiba yasema mamlaka ni ya wananchi na haikusema ni ya waliopiga kura peke yao.

Kwa hivyo kitu cha kwanza, usihubiri, uliza. "Mwaka ule ulitoka?" Akisema hapana, "kilikuzuia nini?" halafu nyamaza. Usimkatize hata kama asema jambo unaona si sawa. Mie nikishafika milango kama thelathini naanza kusikia yaleyale. Wapo wanaosema kura haina faida, hao ndo wenye sauti kubwa. Lakini wengi zaidi, na hawa hawapigi kelele, waliishiwa tu na njia: kitambulisho kimepotea, jina liko Malindi alikokuwa akifanya kazi, mtoto mchanga, biashara ya asubuhi, foleni, mguu wauma. Na wapo wenye hofu. Hapa Pwani usiichezee hofu ya uchaguzi, mtu mzima yeyote wa Likoni akumbuka Agosti 1997, watu waliouawa na maelfu waliokimbia makwao miezi michache kabla ya uchaguzi wa Disemba, na baada yake yakaja machafuko ya 2007 kuamkia 2008. Mama akikwambia siku ya kura yeye hufunga mlango na kununua unga wa wiki mbili hana ujinga, ana kumbukumbu.

Kila mmoja wa hawa ana dawa yake, na ukimpa mmoja dawa ya mwengine unapoteza muda.

Mwenye njia iliyoziba

Anza na huyu, manake ndie rahisi na ndie anaesahauliwa. Kabla ya uchaguzi wa 2017 kuna watafiti walifanya kazi pamoja na IEBC, tume ya uchaguzi, hapa Kenya, mahali pengine walituma meseji za kukumbusha, pengine waliwatembelea watu majumbani, na pengine waliipeleka mashine ya kuandikisha mpaka mtaani kwa watu. Iliyofanya kazi kweli ni ile ya kupeleka mashine mtaani, na ilisaidia zaidi kwa walio masikini. Meseji peke yake ilifanya kidogo sana. Ukifikiria haishangazi, mtu wa kibarua kwenda mpaka ofisi ya eneobunge ni nauli ya kwenda na kurudi na nusu siku ya mshahara, na huenda akafika aambiwe mashine haina chaji, njoo kesho. Hio kesho haji.

Wewe huna mashine ya IEBC. Lakini waeza kufanya vitu vitatu. Cha kwanza kusanya watu watano sita wa mtaa mmoja, muende siku moja kwa matatu moja au tuktuk mbili, na mmoja wenu apige simu au apite jana yake kuhakikisha ofisi i wazi. Uandikishaji wa kila siku IEBC waliufungua tena 29 Septemba 2025, kwa hivyo hakuna haja ya kungoja zile wiki za fujo za mwisho. Mwaka 2021 walipofanya zoezi la mwezi mmoja walitaka watu milioni sita wapya wakapata kama milioni moja na nusu. Cha pili waandikie barua nyote kama mtaa, na sahihi zenu, mkiomba zoezi la kuandikisha likija lifike shule fulani au uwanja fulani, halafu mjaze huo uwanja siku hio. Cha tatu kitambulisho. Usimwambie kijana "nenda ukajiandikishe" bila kumuuliza kama ana kitambulisho mkononi, sio picha kwenye simu, chenyewe. Kama hana, hapo ndo kazi yako ilipo, kumsindikiza kwa chifu na kurudi nae tena akizungushwa. Wapo vijana wetu wa Kiislamu na wa jamii ndogo ndogo hapa wameulizwa vyeti vya babu, wakaachia njiani, na ukimwita mzembe unamkosea.

Nikiona mtu ana kitambulisho na hakitumii humkumbusha Wamakonde wa Kwale. Wamezaliwa hapa, wazazi wao wengi waliletwa kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa, na miaka yote hio hawana karatasi. Oktoba 2016 wakaamua kutembea kwa miguu kutoka Kwale kuelekea Nairobi kuonana na rais, mama na watoto na wazee, na mwaka uliofuata wakapewa vitambulisho na Agosti 2017 wakapiga kura mara ya kwanza. Hadithi hii naipenda kwa sababu haimsuti mtu. Mie huisimulia tu na kuiacha hapo.

Maswali matatu

Hili ndo jambo lililobadilisha kazi yangu kabisa. Usimuulize mtu "utapiga kura?" Atasema ndio, kwa adabu tu, kama anavyosema inshaallah ukimwalika mahali hataki kwenda. Muulize: utatoka saa ngapi? Utakuwa umetokea wapi? Kabla ya hapo utakuwa wafanya nini? Kuna utafiti wa Marekani, jimbo la Pennsylvania 2008, watu walipigiwa simu na kuulizwa maswali ya namna hii, na waliotoka wakaongezeka kama pointi nne kuliko wasiopigiwa, na ongezeko likawa kubwa zaidi kwa nyumba yenye mpigakura mmoja tu. Nafikiri ni kwa sababu nyumba yenye watu wengi hupanga yenyewe, "baba atatangulia, sisi tutafuata", lakini alie peke yake hakuna wa kumuuliza. Kwa hivyo mtaani kwenu wajane na vijana wa chumba kimoja waende kwanza.

Nikupe mfano. Kuna mama huuza mahamri na mbaazi kwenye kona ya kwetu, na 2022 nilimwendea alfajiri wiki moja kabla, karai liko motoni, unga umemfika mpaka kwenye viwiko. Akaniambia, "Mwanangu, kura hainunui unga." Sikumjibu hilo. Nikamuuliza, "Mama, Jumanne utatoa saa ngapi?" Akasema siku ya kura ni kama siku ya harusi, watu huamka mapema, saa kumi na moja na nusu mahamri ya kwanza yatakuwa yashatoka. "Na utamaliza?" Saa nne hivi. "Ukitoka nani atakuangalizia?" Hapo akasita, akageuza andazi, akageuza jengine, akasema binti yake, lakini binti nae ana kura. Basi tukapanga palepale, binti atangulie saa kumi na mbili vituo vikifunguliwa, akirudi ashike karai, mama aende saa nne na jirani wa pili mwenye mwavuli. Kumbe shida haikuwa unga wala siasa, ilikuwa ni nani wa kushika mwiko.

Na hakwenda peke yake, hilo nalo ulishike. Mwaka 1998 Alan Gerber na Donald Green walijaribu mji wa New Haven huko Marekani, wengine wakapigiwa simu, wengine wakaletewa barua, wengine wakagongewa mlango na mtu wa kweli, na simu haikusaidia kitu ila mlango ulisaidia sana. Sisi tulikuwa hatuhitaji kwenda New Haven kulijua hili, nani ashawahi kualikwa harusi kwa kadi ya WhatsApp akahisi kaalikwa? Mpaka mtu aje, avue viatu, akae, anywe chai, aseme "tunawangojea."

Anaeenda kugonga mlango awe mtu wao. Mwanamume usende kugonga kwa kina mama mchana peke yako, tafuta mama mwenzao, somo yao, mwalimu wa madrasa, mwekahazina wa chama chao cha kuchangishana. Mwekahazina wa chama ana nguvu kuliko mwanasiasa yeyote, kwa sababu watu washampa pesa zao na hajakimbia nazo.

Sasa onyo. Mwaka 2006 kule Michigan waliwatumia watu barua yenye orodha ya nani kwenye mtaa alipiga kura na nani hakupiga, na wakaahidi kutuma nyengine baada ya uchaguzi. Waliotoka walikuwa asilimia 37.8 na wale wasiopewa barua ni 29.7, hio ni tofauti kubwa sana. Usifanye hivyo hapa. Kwetu sisi, kujua nani katoka na nani hakutoka kwaeza kugeuzwa kuwa nani ni wetu na nani si wetu, na tushaona mambo hayo yanakofika. Chukua utamu wake uache sumu: mwambie tu mtu "tutaonana foleni saa mbili, nimekuwekea nafasi nyuma yangu". Yatosha. Asipokuja mpigie simu kama unavyompigia alieachwa nyuma na basi la harusi, bila kumgombeza.

Asemae haina faida

Huyu usimpinge haraka. Mara nyingi alipiga kura huko nyuma, akangoja, akaona barabara ileile. Mkubalie alichokiona kwanza.

Halafu mpe hesabu, lakini ya karibu. Uchaguzi wa ugavana hapa Mombasa haukufanyika 9 Agosti 2022, karatasi zilikuja na makosa ya picha na majina, ukaahirishwa pamoja na wa Kakamega, ukafanyika Jumatatu 29 Agosti. Watu washachoka, washaenda mara moja, wengi hawakurudi. Mshindi alipata kura 119,083. Gawanya na 641,913. Ni kama mtu mmoja kati ya kila watano walioandikishwa, hata haikamiliki. Simlaumu alieshinda, yeye kashinda kwa halali, nasema tu kwamba wanne kati ya watano ama walimtaka mwengine ama walikuwa nyumbani, na wengi walikuwa nyumbani. Ukimwandikia hesabu hii kwenye gamba la sigara kijana wa bodaboda ataitazama muda mrefu kuliko hotuba yoyote.

Na ya urais ni hii, William Ruto 7,176,141, Raila Odinga 6,942,930, tofauti 233,211. Wa Mombasa peke yao waliojiandikisha na hawakutoka siku hio walizidi laki tatu. Sikwambii wangempa nani, si kazi yangu na isiwe kazi yako pia. Ukianza tu kumsukuma mtu kwa mgombea wako umeshakuwa ajenti, na kila mlango utakaoubisha baada ya hapo utafunguliwa nusu.

Wengi hawajui vilevile kwamba karatasi ni sita: rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa wanawake na MCA, yaani mwakilishi wa wadi kwenye bunge la kaunti. Mtu amechukia urais basi anaziacha na zile tano. Kiti cha MCA ndicho cha kumuonyesha. Ukiigawa kaunti kwenye wadi zake thelathini, kura zinazoamua ni chache, na kuna mahali tofauti ya wa kwanza na wa pili ni watu wanaoenea msikiti mmoja siku ya Ijumaa. Taka, taa za barabarani, basari za kaunti, zahanati, chekechea, vyote vyapita kwa kaunti. Mama alienambia hapigi kura kwa sababu "wakubwa ni walewale" alikuwa na mtoto wa kiume alieharibiwa na muguka, yale majani ya kutafuna yanayolevya, na tulipoongea kwamba lile tangazo la Mei 2024 la kupiga marufuku muguka Mombasa lilitoka kwa gavana na si kwa rais, na kwamba mahakama ililisimamisha, aliinuka kwenye mkeka akaja kukaa karibu. Kila mtu ana jambo lake moja. Likipatikana hilo umepata mlango, kabla ya hapo unabisha ukuta.

Anaesema kura zaibiwa mpe kazi. Simaanishi kumtuliza, kazi ya kweli. Kila kituo kina fomu 34A, ndio matokeo ya urais ya pale, na hubandikwa mlangoni watu waione. Kituo kimoja hakizidi wapigakura 700. Mwaka 2022 vituo vilikuwa 46,229 na fomu zake zikawekwa kwenye tovuti ya IEBC mtu yeyote azifungue. Kijana wetu mmoja alieapa hatapiga kura tulimpa kazi ya kupiga picha fomu za shule tatu za karibu usiku ule na kuzilinganisha na za kwenye tovuti asubuhi. Alilala saa tisa. Alirudi na daftari, kituo kwa kituo, nambari kwa nambari, na tangu siku hio yeye ndie anaegonga milango na mie namfuata.

Na vijana kwa jumla, tafadhali, acheni kusema hawajali. Waliotoka barabarani 25 Juni 2024 walikuwa wameusoma Mswada wa Fedha, ule wa kodi, wenyewe, wameutafsiri kwa Kiswahili na lugha za kwao, wameuweka kwenye video za dakika moja, na kesho yake rais akasema hautii sahihi. Wapo waliokufa siku ile. Mtu wa namna hio hana upungufu wa uraia. Kinachokosekana ni daraja la kutoka barabarani hadi kwenye daftari, manake 2022 walio chini ya miaka 35 kwenye daftari walikuwa pungufu ya asilimia 40 na walikuwa wamepungua kuliko 2017. Usiende na "nyinyi vijana". Nenda na "wewe uliyesoma ule mswada, nisaidie kusoma bajeti ya kaunti." Uone.

Pesa

Hapa tuambiane ukweli. Msimu ukifika kuna leso, fulana, unga na mia mbili mia mbili, na wapo wanaonunua hata vitambulisho vya watu ili wasitoke. Wengi husema kula chake kura ni yako. Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 yamshika mpaji na mpokeaji wote wawili, lakini sio kwa sababu hio peke yake nakwambia uwasihi watu wasichukue. Tulienda na kina mama kumi na mmoja kwa kiongozi mmoja wa kwetu, mwaka mmoja baada ya kumchagua, kumuuliza juu ya mtaro ambao mtoto aliangukia. Akawatazama mmoja mmoja akasema, "Nyinyi si nilishawalipa?" Wallahi hakuna alieinua uso. Njiani kurudi hatukuzungumza mpaka stejini.

Usimtukane mwenye njaa lakini. Mie huisimulia hadithi hio kama nilivyokusimulia wewe na namwachia mtu aamue.

Siku yenyewe

Vituo hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, na aliefika foleni kabla ya saa kumi na moja lazima apigishwe, asikubali kurudishwa. Mwambie kila mtu hili, kwa sababu kuna watu hufika saa kumi na nusu wakaona foleni wakageuza.

Waonyeshe njia wiki moja kabla. 2022 tulikuwa twatuma nambari ya kitambulisho na mwaka wa kuzaliwa kwenda 70000 kuona jina liko kituo gani, nami nilifanya hivyo kwa simu yangu na wazee wote wa kwetu nikawaandikia kwenye kipande cha karatasi: shule, na mtu wa kwenda nae. Wazee, waja wazito, wenye watoto wachanga na walemavu hawapangi foleni, wapelekwe mbele. Asieona au asiejua kusoma ana haki ya kuja na mtu anaemwamini amsaidie, na msaidizi huyo atasaidia mtu mmoja tu, kwa hivyo panga mapema nani na nani, usifike nae mlangoni ukaanza kutafuta.

Na mashine ya vidole. Yule mama wa mahamri mashine ilimkataa mara tatu, vidole vyake vimelainika na mafuta na unga wa miaka ishirini, karani akaanza kuguna na walio nyuma wakaanza kusonya. Lakini nilikuwa nshamwambia kabla kwamba yaeza kutokea, na kwamba yuko huru kuomba atafutwe kwa nambari ya kitambulisho. Akasimama palepale akasema, "Mwanangu, nitafute kwa nambari." Akapatikana. Angekuwa hajui angerudi nyumbani na aibu na asingetoka tena maisha yake. Vitu vidogo kama hivi ndo vinavyomrudisha mtu, kwa hivyo vitaje vyote: beba maji, beba mwavuli, kitambulisho chenyewe, usivae fulana ya chama, simu iweke mfukoni ndani ya chumba. Kwa wenye hofu, waende asubuhi kwa kundi la watu wazima na warudi pamoja. Usimwahidi mtu kwamba hakutakuwa na fujo, huna uwezo huo. Mwahidi kwamba utakuwa nae, halafu uwe nae kweli.

Baada ya kura, na hapa ndo wengi tunalala

Mwaka 2013 watafiti waliwatumia meseji Wakenya karibu milioni mbili, zimetoka tume ya uchaguzi yenyewe, kuwahimiza. Waliotoka waliongezeka kidogo, lakini baada ya uchaguzi waliopata meseji waliiamini tume kidogo kuliko wasiopata, kwa sababu waliahidiwa uchaguzi mzuri halafu mashine zikafeli siku yenyewe. Nililisoma hili nikajiona mie. Nilikuwa nawatoa watu, nawaahidi mambo, halafu nawaacha miaka mitano. Kila mtu uliemtoa una deni lake.

Deni lalipwa kwa kitu kidogo kinachoonekana. Chagueni kitu kimoja tu, msiandike orodha ya mambo ishirini. Sisi tulichagua kifuniko cha mtaro. Sio barabara, sio maji, kifuniko, mahali yule mtoto alipoangukia.

Kaunti ina kalenda na kalenda hio ni yenu. Mpango wa maendeleo wa mwaka lazima ufike bunge la kaunti kufikia 1 Septemba, karatasi ya sera ya fedha 28 Februari, makadirio ya bajeti 30 Aprili, na kila moja wananchi lazima waulizwe maoni, Katiba yasema hivyo kifungu cha 196 na cha 201. Mkutano mara nyingi hutangazwa kwa gazeti ambalo mtaani hakuna alinunuae, siku mbili kabla, ukumbi wa mbali. Basi mtu mmoja kati yenu kazi yake iwe ni kupita ofisi ya wadi kila Jumatatu ya Agosti, Februari na Aprili kuuliza. Mmoja tu, na mlipieni nauli kwa kuchanga ishirini ishirini.

Mkienda nendeni wengi na mapema, wa mwanzo ndio husikizwa, saa saba kila mtu ataka chakula. Aongee mtu mmoja, dakika tatu, na asiwe yule msemaji wa siku zote, awe mwenye jambo lake. Kwetu aliongea mama wa yule mtoto. Hakulia wala hakugomba, alitaja jina la uchochoro, akasema nyumba arubaini na mbili zapita pale, akasema shimo ni urefu wa mtoto wa darasa la kwanza, akakaa. Na msitegemee maneno ya mdomo. Andikeni ukurasa mmoja, mahali, tatizo, mnataka nini, sahihi na nambari za vitambulisho, nakala mbili. Moja wabaki nayo, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, piga picha, tuma kwenye grupu. Bajeti ikitoka tafuteni wadi yenu kwenye kurasa za mwisho huko, muone kama limo. Kama halimo rudini na ile nakala yenye muhuri.

Kifuniko kilikuja mwezi wa kumi na moja, cha zege, kizito. Asubuhi yake yule mama wa mahamri aliihamishia meza yake juu yake, kwa sababu ndo pahali pamoja pa mtaa pasipotingishika, na akatuuliza mkutano wa Aprili ni tarehe ngapi.